Vitambaa Vilivyonuka Sabuni

Nelda Sikes alikuwa na jambo la kusema dukani kwa Lonnie, akalimeza.

Lonnie aliuza bunduki upande mmoja wa duka na chambo cha samaki upande wa pili, kwa hiyo maneno yote ya bunduki pale yalisemwa huku mashine ikipuliza hewa kwenye pipa la visamaki. Royce, mumewe Nelda, alikuwa ameegemea kaunta. Mbele yake, juu ya taulo, ililala bunduki ya Nelda ikiwa imefunguliwa vipande viwili, kitako upande huu, mtutu upande ule. Walikuwa nazo mbili zinazofanana kama mapacha, walizonunua mwaka waliooana. Bunduki hizi ndivyo zilivyo: unachomoa pini mbili, unavua mtutu huu, unavisha mwingine, kama mtu anavyobadili koti.

"Kwa hiyo ni nani aliyekosa kulungu?" Lonnie aliuliza, na alijua vizuri sana ni nani.

"Hakukosa," Royce alisema. "Alimpiga. Kulungu ndiye hakukubali."

Wanaume wawili waliokuwa wakinywa kahawa kando ya jiko walicheka. Nelda aliwatazama visamaki.

Novemba iliyopita alikuwa amempiga kulungu jike nyuma ya bega, mahali penyewe hasa. Lakini risasi yake, ile nyembamba ya bunduki zao, ilipasukia kwenye mfupa, na jike akakimbia. Walifuata damu mpaka kijitoni, damu ikakoma. Siku chache baadaye tai walikuwa wakizunguka juu ya msitu. Na kwa sheria ya nyumba ya Virgil, baba yake Royce, kulungu aliyepotea ni kulungu aliyekoswa, na anayekosa hukatwa mkia wa shati, lile pindo la nyuma. Royce alimkata kwa mkasi wa jikoni huku akicheka, akaupigilia msumari bandani, pamoja na mikia mingine ya mashati, mingine ya zamani kuliko Nelda mwenyewe. Shati halikumuuma. Kilichomuuma ni wale tai. Ndiyo maana alitaka risasi nyingine, ya kumaliza kazi palepale.

Lonnie alipanga risasi tatu juu ya taulo.

"Huyu ni mnene mfupi. Ganda lake ni lilelile la risasi zenu nyembamba, wamelikata likawa fupi, wakalitia kichwa kinene. Komeo la kusukumia risasi ni lilelile, na magazini zilezile. Unabadili mtutu tu, basi, unarudi nyumbani kula. Huyu wa pili ni wa milimita sita na nusu. Anafika mbali, tena anapiga kwa adabu. Lakini anataka komeo lake na magazini zake. Ni kama bibi harusi mwenye masharti."

"Na huyu?" Royce aliuliza.

"Huyo ni pipa. Unampiga kulungu na bega lako kwa pamoja."

Royce alimchukua mnene mfupi, akampimapima kiganjani. Nelda alimjua mumewe. Alikuwa ameshachagua.

Asubuhi ile, Royce akiwa nje anapasha pikapu moto, Virgil alikuwa amemshika Nelda mkono pale mezani. "Mwanangu, msichukue mnene mfupi. Kinachoingia kwenye magazini ya mwenzake, siku moja kitaingia kwenye mtutu wa mwenzake. Na mnene akiingia kwenye tundu jembamba hana pa kutokea. Atatokea usoni kwa mtu. Nilifanya kazi na jamaa mmoja kiwandani, mpaka leo anakunywa supu kwa mrija."

"Mwambie Royce, Baba."

"Nikimwambia mimi atamchukua kusudi. Wewe atakusikiliza."

Na kweli, pale kaunta, Royce aligeuka. "Bunduki ni yako, mke wangu. Wewe unaonaje?"

Aliuliza kwa moyo mmoja. Lakini Lonnie alikuwa akimwangalia, na wale wa kahawa walikuwa wakimwangalia, na masikio ya Nelda yakapata moto. Kanisani kwenyewe, mchungaji akiuliza nani ana ombi, yeye huchungulia viatu vyake.

"Sawa tu," alisema.

Virgil alipouona ule mtutu mezani hakumgombeza. Alikwangua sahani kwa kipande cha mkate wa mahindi, kisha akasema, "Basi zitieni alama. Alama ambayo hata kipofu ataijua."

Nelda alikwenda bandani akaung'oa mkia wa shati lake kwenye msumari.

"Wee! Hiyo ni historia!" Royce alipiga kelele.

"Historia yangu," Nelda alisema, na baba mkwe wake akacheka mpaka akakohoa.

Kile kitambaa kilikuwa na vumbi la mwaka mzima, akakifua. Akakichana vipande, akavifunga chini ya magazini za risasi nene, akavishona visifunguke. Penye kitambaa, mnene. Pasipo kitambaa, mwembamba. Alifumba macho akazipapasa zote na hakukosea hata moja. Royce naye alifumba macho akapapasa, naye hakukosea.

"Bunduki zetu sasa zinavaa skafu," alisema.

Walikwenda kulenga shabaha kwenye shimo la kokoto. Mnene mfupi alipiga vizuri. Hakusukuma bega, na kila alipopiga alitoboa tundu safi kwenye kibao. Royce alifurahi kuliko Nelda. "Unaona? Na mzee anaogopa ogopa." Nelda aliitikia kwa kichwa kwamba anaona. Tangu siku ile, Royce akiwa anaosha vyombo au anampeleka kazini kwa gari, ungemkuta Nelda anautazama upande wa kulia wa uso wa mumewe, pale shavu linapolala juu ya kitako mtu anapolenga. Kulikuwa na kovu dogo la tetekuwanga pale. Alikuwa akilipenda lile kovu.

Katika nyumba ya Virgil, wiki ya kufungua msimu ina miiko yake. Nyama ya nguruwe haikaangwi. Hakuna anayepaka marashi. Kila kitu kitakachoingia msituni, kuanzia soksi, glavu, kofia za rangi ya chungwa, mpaka magazini, hulazwa ndani ya beseni kubwa la plastiki pamoja na matawi ya mwerezi na majani makavu ya mwaloni, mfuniko ukafungwa, ili kulungu asinuse harufu ya mtu. Wengine huchekea jambo hilo. Virgil hajawahi kukosa nyama tangu alipoanza kuwinda, kwa hiyo hawamcheki mbele yake.

Mwaka huo Royce ndiye aliyepanga beseni. Nelda alikuwa kanisani akisaidia kupika chakula cha wawindaji, masufuria ya maharage na nyama iliyosagwa. Aliporudi beseni lilikuwa limeshafungwa, liko kibarazani.

Alfajiri walisimamisha pikapu langoni mwa shamba, taa zimezimwa. Virgil alibaki nyumbani na goti lake bovu. Kulikuwa na baridi kali na giza tupu. Royce alifunua beseni nyuma ya gari, harufu ya mwerezi ikatoka, akaingiza mkono na kumpa Nelda magazini yake.

Nelda aliipapasa chini kwa kidole cha glavu, kisha akavua glavu akaipapasa tena.

"Royce. Kitambaa kiko wapi?"

"Nimevitoa," alinong'ona.

"Umevitoa?"

"Vilinuka, mama! Ile sabuni yako ya maua. Nilifungua beseni nikadhani nimeingia saluni. Kulungu wangekuja wamebeba taulo."

"Sasa tutajuaje?"

"Nimeziweka upande upande. Zako kushoto, zangu kulia. Mimi si mtoto."

Nelda alitoa tochi mfukoni. Kabla hajaiwasha Royce alikuwa ameshaufunika mkono wake. "Usiwashe! Wapo pale shambani, nimewasikia. Ukiwasha tu wanakimbilia kaunti nyingine."

Na kweli, upande wa pili wa uzio kulikuwa na kishindo kidogo cha kwato. Nelda alisimama na tochi mkononi. Neno lilikuwa limefika mdomoni: toa moja tuishike. Lilikuwa neno fupi tu. Lakini Royce alikuwa na furaha kama ya mtoto siku ya sherehe, na kulungu walikuwa pale, na ukimya wenyewe ulikuwa mzito, ule ukimya wa asubuhi ya kwanza ambao mwindaji anafunzwa tangu utoto asiuvunje. Nelda akairudisha tochi mfukoni. Royce alimbusu juu ya kofia, akaenda zake upande wa kushoto wa bonde. Yeye akashika wa kulia.

Dungu la Nelda lilikuwa juu ya mwaloni, ngazi ya chuma na kibao cha kukalia. La Royce lilikuwa ng'ambo, mteremko kwa mteremko, na kati yao palikuwa na uwanda wa nyasi na kijito. Virgil alikuwa ameyajenga yote mawili. Alikuwa na sheria moja ya madungu: risasi haiingii kwenye chemba, tundu lake nyuma ya mtutu, mpaka uone mikunjo ya gome la mti ulio mbele yako.

Nelda alingoja. Kwanza aliona mikono yake. Halafu akaona ukungu juu ya kijito. Halafu, ng'ambo, nukta ya rangi ya chungwa, na hiyo nukta ilikuwa Royce. Mwishowe mikunjo ya gome ikajitokeza.

Alivuta komeo nyuma na kulirudisha polepole kwa mkono, ili lisilie. Wote hufanya hivyo. Ukiliachia lijirudie lenyewe linapiga kama nyundo, na bonde zima linajua uko wapi. Kwa vile unalirudisha polepole, mara nyingi halifiki mwisho, kwa hiyo ubavuni mwa bunduki kuna kitufe cha kulisukumia. Ni mazoea tu, kama kusukuma mlango uliovimba kwa mvua.

Nelda alisukuma kitufe. Komeo halikufika.

Alisukuma tena kwa kiganja. Halikufika. Lilikuwa limekwama mbali, kama mlango uliobana mguu wa mtu. Akachomoa magazini, akavuta komeo, risasi ikamwangukia mapajani.

Ilikuwa nyembamba.

Aliitazama bila kuelewa, halafu akaelewa yote kwa pamoja. Nyembamba ni ndefu, haiwezi kuingia kwenye chemba ya nene. Inakataa tu, haina madhara. Kama hizi ziko kwake, zake ziko kwa Royce. Na ile nene fupi kwenye tundu jembamba haikatai moja kwa moja. Inabisha kidogo, halafu ukiisukuma inaingia.

Na Royce angeisukuma. Angedhani ni baridi.

Aliinua macho. Ng'ambo, chini ya dungu la Royce, vichaka vilitikisika, na dume likatoka kwenye ukungu. Lilikuwa dume la kusimuliwa, shingo nene, pembe kama kiti kilichopinduliwa. Lilikuja likitembea taratibu kuelekea kijitoni, likijipeleka lenyewe.

Nukta ya rangi ya chungwa ilisogea. Royce alikuwa anainua bunduki.

Nelda alijaza kifua na kupiga kelele. "Royce! Usipige!"

Sauti yake ilitoka nyembamba na ikavunjika njiani. Maneno hayakufika ng'ambo, mlio tu ndio uliofika. Na dume likafanya kile ambacho dume hufanya likisikia mlio lisioujua: likasimama. Likasimama ubavu wazi, kichwa juu, likitazama upande wake. Wawindaji wa kule hulia makusudi kama ndama wa kulungu ili kulisimamisha namna hiyo hiyo, walenge vizuri. Nelda alikuwa amemsimamishia mumewe nyama.

Ile nukta ilitulia. Nelda aliujua utulivu ule. Shavu lilikuwa limeshalala juu ya kitako.

Hakukumbuka baadaye alivyoshuka ngazi. Alijikuta kwenye nyasi, bunduki ameiacha juu, anakimbia moja kwa moja kuelekea kwa lile dume. Hakukimbilia kwa Royce, maana kwa Royce kulikuwa mbali. Alikimbilia mahali ambapo risasi ingepita. Kuna jambo moja ambalo hakuna mtu wa nyumba ya Virgil angelifanya hata akiwa amelewa, nalo ni kupiga penye rangi ya chungwa. Alivua kizibao chake cha rangi ya chungwa akikimbia, akakipunga juu ya kichwa, na sasa sauti ilitoka, tena sauti ambayo hakujua anayo, bonde likaipokea na kuirudisha.

Dume liliruka kijito na kupotea.

Nelda aliendelea kusimama pale pale lilipokuwa limesimama, mikono juu, akitweta.

Royce alishuka kwenye dungu akitukana kila kitu. "Umerukwa na akili? Umeingia mbele ya mtutu, Nelda! Mbele ya mtutu! Kidole kilikuwa hapa! Hapa!"

"Iweke chini."

"Dume lile baba mwenyewe hajawahi..."

"Royce. Iweke chini hiyo bunduki, uondoke hapo."

Royce hakuwahi kumsikia akiongea hivyo. Akailaza kwenye majani, akasogea. Nelda alimpa ile risasi nyembamba aliyokuwa ameifumbata tangu juu ya mti. Royce aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii ilikuwa kwako?"

"Ilikataa kuingia. Yako iliingia?"

Royce aliangalia kiganja chake. "Niliisukuma."

"Kwa nguvu?"

"Nilidhani ni baridi."

Virgil alikuja akivuta goti, Nelda akiwa amekwenda kumchukua kwa pikapu. Aliwaambia wakae nyuma ya mti mkubwa. Alielekeza mtutu kwenye ukingo wa udongo, akagonga kitako juu ya kisiki mara kadhaa, akigeuza uso pembeni kila mara, mpaka komeo likaachia na ile risasi ikadondoka. Kichwa chake kinene kilikuwa kimesukumwa ndani ya ganda, kimejibana kama shingo ya kobe. Virgil aliiokota, akaitia mfukoni mwa shati, akafunga kifungo.

"Lile beseni," alisema wakirudi, "ulilipakiaje garini?"

"Kwa mlango wa nyuma wa pikapu," Royce alisema. Halafu akakumbuka. Alikuwa amelipanga akiwa amesimama upande mmoja, akalibeba na kulipakia kutoka upande wa pili. Beseni likishageuka, kushoto kwake kulikuwa kulia.

Mchana walikula mikate laini na mchuzi mweupe. Royce alikula kidogo, lakini rangi ilikuwa imeanza kumrudia. Aliweka uma chini.

"Sawa. Tumeshajua sasa. Tutakuwa tunaangalia tu."

Virgil aliacha kutafuna. Alimtazama Nelda.

Nelda aliinuka. Alikwenda bandani, akaubana ule mtutu wa risasi nene kwenye jiliwa, akachukua msumeno wa chuma.

"Nelda! Mtutu mpya huo!" Royce alisema kutoka mlangoni.

"Najua."

"Tungemuuzia Lonnie."

"Lonnie atamuuzia nani?"

Aliendelea kukata. Chuma kilikuwa kigumu, msumeno ulilia, na mikia ya mashati ukutani ilitikisika kwa mtikisiko wa meza. Ilichukua muda mrefu. Royce hakuondoka, wala hakusogea kumzuia. Kipande kilipoanguka sakafuni, Virgil alikuwa amefika nyuma yao.

"Umemaliza mtutu," alisema. "Na risasi zake?"

Walizikusanya. Walimwaga beseni lote, wakapekua majani ya mwaloni jani kwa jani. Walitoa mifuko ya makoti nje. Walichungulia chini ya viti vya pikapu, kwenye kopo la kahawa lenye misumari, kwenye droo ya jikoni. Kila mnene mfupi aliyepatikana alirudishwa kwenye boksi la Lonnie, kila mmoja kwenye kishimo chake. Boksi halikujaa. Bila shaka halikupaswa kujaa, maana walikuwa wamepiga kwenye shimo la kokoto. Lakini walipiga ngapi siku ile? Royce alisema hivi, Nelda alikumbuka vingine. Hakuna aliyehesabu. Vishimo vitupu vilikuwa pale, na hakuna aliyeweza kusema kama vyote ni vya risasi zilizokwisha kupigwa, au kama kuna moja bado inalala mahali, mfukoni mwa koti la zamani, au imejichanganya na nyembamba.

Januari mbweha walianza kuwachukua mbuzi wa jirani, na Royce akatakiwa kwenda kuwapiga. Alichukua bunduki yake ya risasi nyembamba, akavaa buti. Nelda alikuwa amekaa mezani. Alinyoosha mkono.

"Nelda, nimeshaziangalia."

Mkono ulibaki pale pale.

Royce alimpa magazini. Nelda alizitoa risasi moja moja juu ya kitambaa cha meza, na kila moja aliibiringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, macho amefumba, akisikiliza unene wake. Royce alisimama mlangoni na kofia mkononi, akingoja. Nje mbweha alilia, akajibiwa na mwingine. Nelda hakuharakisha. Alifika kwenye ya mwisho, akaishika, na mkono wake ukasimama.

"Nini?" Royce aliuliza.

Nelda aliirudia tena, kutoka kitakoni mpaka nchani.

"Subiri," alisema. "Washa ile taa kubwa."